Kipimo cha damu kabla ya ndoa: Wattaya, Visiwani na jeni iliyozimwa

KUANZIA Januari 2026, Muomani anayetaka kuoa au kuolewa hana budi apimwe kwanza. Ndivyo inavyotaka sheria mpya ya nchi hiyo, na miongoni mwa maradhi yanayotafutwa katika kipimo hicho ni selimundu na thalasemia, maradhi mawili ya damu ambayo mtoto huyarithi kutoka kwa wazazi wake wote wawili. Kwa miaka mingi kipimo hicho kilikuwepo, lakini kilikuwa cha hiari. Aliyetaka alikwenda, asiyetaka alifunga ndoa yake na yaliyobaki akayaachia majaaliwa.

Wattaya, mtaa wa Muscat ulioko baina ya Ruwi na Qurm, ni miongoni mwa mitaa ambayo Kiswahili unakisikia dukani, barazani na kwenye simu za kwenda Unguja, Pemba na Mombasa. Huko maneno tunayoyasikia ni ya namna mbili. Wako wanaosema serikali imechelewa, watoto wameshateseka vya kutosha. Wako wanaouliza serikali imeingiaje katika mambo ya posa. Kwa maoni yetu pande zote mbili zina haki ya kusema, lakini zote zinalizunguka jambo lenyewe bila ya kuliingia.

Jambo lenyewe ni kwamba selimundu haitokani na damu mbaya ya ukoo fulani. Inatokana na kosa dogo ndani ya jeni moja, na uzito wa kosa hilo unategemea sana jeni nyingine iliyo jirani yake: imezimwa lini, na imezimwa kwa kiasi gani. Wataalamu wameshaijua siri hiyo. Dawa zimepatikana, moja ya bei ya kutisha na nyingine ya bei ya kawaida. Upande wa sayansi umeshafanya kazi kubwa. Kinachotukwamisha sasa ni siasa, na aibu zetu wenyewe.

MTOTO ALIYEKUWA MZIMA

Wazazi wengi wa watoto wenye selimundu wana habari zinazofanana. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya, akanenepa, watu wakampongeza mama. Alipokaribia miezi sita, vidole vya mikono na miguu vikavimba, akalia usiku kucha, macho yakaingia umanjano. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Jicho la jirani. Shetani wa ukoo wa mama. Mama alikula kitu gani alipokuwa mja mzito? Wanawake wangapi wameachwa kwa maneno hayo, Wattaya na Wete vilevile?

Ukweli ni kwamba mtoto huyo alikuwa na selimundu tangu alipotungwa. Kilichomlinda ni hemoglobini ya utotoni. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Janet Watson, aliona kwamba chembe za damu za watoto wachanga wenye jeni hiyo hazijikunji kwa wingi kama za mama zao, akahisi kuwa hemoglobini waliyozaliwa nayo ndiyo inayowakinga. Alikuwa amegusa penyewe.

Tufafanue kidogo. Hemoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni kuipeleka mwilini. Kila moja imeundwa kwa minyororo minne, inayokwenda kwa jozi mbili. Mwanadamu hatumii hemoglobini ya aina moja maisha yake yote. Katika wiki za mwanzo za mimba, damu inapotengenezwa ndani ya kifuko cha kiini, kuna hemoglobini ya wakati huo. Kazi ya kutengeneza damu ikihamia kwenye ini la mtoto aliyeko tumboni, jeni za mwanzo huzimwa, na huwashwa nyingine zinazotengeneza mnyororo uitwao gama. Hemoglobini yenye gama hushika oksijeni kwa nguvu zaidi, ndipo mtoto anapoweza kuivuta kutoka katika damu ya mama yake. Hatimaye kazi huhamia ndani ya uboho wa mifupa. Karibu na kuzaliwa, gama huanza kuzimwa kidogo kidogo na mnyororo wa beta unashika nafasi yake. Mtoto akitimiza miezi sita hivi, beta ndiyo mwenye nyumba.

Na kosa la selimundu limo ndani ya beta. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa hemoglobini ya mgonjwa ina tofauti ya kimaumbile na ya mtu mzima wa afya. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram wa Cambridge akagundua tofauti yenyewe. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, na katika selimundu ni moja tu iliyobadilika, ya sita. Kwa badiliko hilo moja, hemoglobini ikishaachia oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ndefu ngumu, chembe ikajipinda mfano wa mundu, mishipa midogo ikaziba, na maumivu yakaanza. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa huishi siku 10 hadi 20.

Kwa hiyo mtoto hakulogwa alipofika miezi sita. Zamu ilibadilishwa, na aliyeingia zamu alikuwa na kasoro.

JIKONI KWENYE SHUGHULI

Msomaji anaweza kuuliza: jeni hizi zinajuaje zamu zao? Tuchukue mfano wa jiko la harusi. Karibu kila seli ya mwili ina kitabu kizima cha mapishi, yaani DNA. Seli ya ngozi, ya ini na ya uboho zina kitabu hicho hicho kimoja. Kinachozitofautisha ni kurasa zilizofunguliwa. Katika seli zinazokua ili ziwe chembe nyekundu, ziko protini za usimamizi, na mashuhuri miongoni mwao ni GATA1, zinazofungua kurasa za hemoglobini na kufunga nyingi nyinginezo. Ukurasa wenyewe hautoki kitabuni. Unanakiliwa kwenye RNA, na nakala hiyo hupelekwa kwenye ribosomu, ambazo ndizo mafiga ya seli. Hapo protini hupikwa kwa kufuata nakala.

Ugumu uko kwenye kulinganisha. Jeni za alfa ziko katika kromosomu ya 16. Jeni za beta na gama ziko katika kromosomu ya 11. Ni kama mchele na nyama ya pilau vinavyotoka kwa wauzaji wawili wasiojuana, na bado vinatakiwa vifike kwa wakati na kwa kipimo. Beta ikipungua, alfa iliyokosa mwenziwe huganda ndani ya seli na kuiua kabla haijatoka kwenye uboho. Hiyo ndiyo thalasemia ya beta.

Mwili una wakaguzi wake. Protini iitwayo AHSP huishika alfa iliyo peke yake isilete madhara mpaka ipate mwenzake. Nyingine, HRI, hutazama kama ipo himu ya kutosha, ile sehemu ya hemoglobini yenye madini ya chuma. Himu ikipungua, HRI hupunguza moto kwenye ribosomu, kwa sababu hakuna maana ya kupika minyororo ambayo haitapata chuma. Mwisho wa yote seli hutupa kiini chake pamoja na kitabu kizima, na kwa siku moja au mbili huendelea kupika kwa nakala za RNA zilizobakia. Mwili wa mtu mzima hutoa chembe za namna hiyo takriban milioni 2 kila sekunde.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Mtu akishaona kazi hii inavyopangwa, neno "damu mbaya" linapoteza maana. Kilichoharibika ni mstari mmoja wa mapishi. Jiko zima liko sawa, na ukurasa wa zamani, ule wa gama, bado umo kitabuni kwa kila mgonjwa. Umefungwa tu.

UGONJWA MMOJA, HALI MBALIMBALI

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Oman katika miaka ya 1990 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa asilimia 6 walikuwa wamebeba jeni ya selimundu na asilimia 2 wamebeba ya thalasemia ya beta. Maana yake, ukiwa na watu 100 kwenye sherehe, sita wanayo jeni ya selimundu na huenda wengi wao hawajui, kwa sababu mwenye jeni moja haumwi. Anayeumwa ni aliyeipata kutoka kwa baba na kutoka kwa mama.

Jeni hii imeingiaje kwa wingi hivyo? Jibu lilipatikana kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtoto mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga dhidi ya malaria. Palipokuwa na mbu, waliobeba jeni hiyo waliishi zaidi na wakazaa zaidi.

Halafu mwaka 2000 Shahina Daar na wenzake walichapisha utafiti juu ya asili ya jeni za selimundu zilizoko Oman. Zaidi ya nusu zilikuwa za aina ya Benin, iliyoenea Afrika Magharibi na Kaskazini. Zaidi kidogo ya robo zilikuwa za aina ya Uarabuni na India. Karibu moja ya tano zilikuwa za aina ya Kibantu, ile ya kwetu. Wale wanaopoteza usiku kubishana nani Muarabu na nani Muafrika, hapa wana jibu lao. Bahari ya Hindi yote imo ndani ya tone moja la damu, na tone hilo haliulizi pasi ya kusafiria.

Tofauti ya aina hizi ina faida nyingine kubwa kwa wazazi. Wagonjwa wenye aina ya Uarabuni na India kwa kawaida hubakia na hemoglobini nyingi ya utotoni hata wakiwa watu wazima. Wenye aina ya Kibantu kwa kawaida hubakia na kidogo. Gama ikichanganyika na beta yenye kasoro ndani ya chembe moja, zile nyuzi ngumu hushindwa kujenga. Ndiyo maana unaweza kuwakuta Wattaya watoto wawili wenye ugonjwa mmoja, mmoja anakwenda skuli na kucheza mpira, mwingine kila mwezi yuko wodini. Majirani husema mama wa kwanza anajua kulea. Hapana. Mara nyingi tofauti ni kiasi cha gama iliyobaki inafanya kazi.

MLINZI WA MLANGO

Nani basi anaifunga gama? Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti wa Uingereza, Italia na Marekani walimtambua mlinzi mkubwa wa mlango huo, protini iitwayo BCL11A. Ikiwepo kwa wingi, gama inafungwa. Ikipungua, gama inafunguka. Lakini BCL11A inahitajika pia katika ubongo na katika seli za kinga, kwa hiyo haifai kuiondoa mwili mzima. Mwaka 2013 ilipatikana sehemu ya DNA inayoiwasha BCL11A katika ukoo wa chembe nyekundu tu. Hapo ndipo pa kukata.

Ndivyo ilivyozaliwa tiba iitwayo Casgevy. Seli mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, zikakatwa sehemu hiyo maabara kwa mkasi wa CRISPR, uboho wa zamani ukasafishwa kwa dawa kali, kisha seli zikarudishwa kwa mwenyewe. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huo huo. Katika ushahidi uliotazamwa na Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila ya shambulio kali la maumivu. Majirani wa Oman, Bahrain na Saudi Arabia, nao hawakuchelewa kuiidhinisha.

Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tupige hesabu ya nyumbani. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto zaidi ya 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kuwatibu watoto wa mwaka mmoja tu kwa bei hiyo kungegharimu zaidi ya dola bilioni 24, fedha ambazo zinaipita bajeti nzima ya serikali ya Tanzania ya mwaka 2025/26, iliyokuwa shilingi trilioni 56.49. Anayewaambia wazazi wa Pemba au Temeke kwamba ugonjwa huu "sasa una dawa" na akanyamaza hapo, anawadhihaki.

Lakini iko dawa nyingine, nayo tunaiona ikisahauliwa kwa sababu haina makeke. Ni haidroksiyurea, kidonge cha kila siku. Marekani iliidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Miongoni mwa kazi zake ni kuifungua gama kwa kiasi. Watu walikuwa wakihofia kwamba huenda ikaleta madhara kwa watoto wa Afrika wanaoishi na malaria. Watafiti wakawapa watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yakatangazwa Desemba 2018. Maumivu yalipungua, haja ya kuongezwa damu ilipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Dawa inataka daktari wa kuangalia hesabu ya damu mara kwa mara. Haitaki mkasi wa CRISPR.

Wataalamu tunao. Muhimbili ina mpango wake wa selimundu tangu mwaka 2004, na Profesa Julie Makani alipewa tuzo ya Royal Society ya Uingereza mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, na Oman imekuwa ikipandikiza tangu miaka ya 1990. Elimu haikukosekana. Kinachokosekana ni kidonge kufika kwenye duka la dawa la hospitali ya wilaya, mwezi hadi mwezi, na tone la damu kuchukuliwa kisiginoni mwa kila mtoto anayezaliwa ili ajulikane kabla ya ile miezi sita. Sisi tunaoandika kutoka nje tumechoka kuona picha za viongozi wakikata utepe wa jengo jipya, halafu baada ya mwaka mama anaambiwa dawa hakuna, akanunue nje.

NDOA ZA PANDE MBILI

Turudi kwenye sheria ya Oman. Kipimo tunakiunga mkono, lakini tunaona hatari zake, na tunaona pengo.

Pengo ni hili. Mchumba mmoja yuko Wattaya na wa pili yuko Chake Chake au Mombasa. Wa Wattaya anapimwa kwa sheria. Wa pili anapimwa wapi, na kwa kipimo gani? Kipimo cha haraka cha selimundu hakitoshi, kwa sababu hakiwezi kuonyesha thalasemia. Mmoja akiwa na jeni ya selimundu na mwingine ya thalasemia ya beta, mtoto anaweza kuzipata zote mbili akawa mgonjwa, ingawa wazazi wataambiwa kwamba "hawalingani". Wachumba waombe kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, pamoja na hesabu kamili ya damu, kwa wote wawili.

Wakati huo huo waelewe hesabu yenyewe. Wote wawili wakiwa na jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Kila mimba, upya. Haina maana kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Na ndoa za binamu, ambazo kwetu na Oman ni jambo la kawaida, zinaongeza uwezekano huo, kwa kuwa jeni iliyokuwa kwa babu mmoja inaweza kuwafikia wajukuu wote wawili.

Hatari ni kipimo kugeuzwa chapa ya aibu. Tunahofia siku binti atakapokataliwa na ukoo mzima kwa sababu karatasi yake imesemwa barazani. Mwenye jeni moja si mgonjwa. Akiolewa na asiyekuwa na jeni ya selimundu wala ya thalasemia, hatazaa mtoto wa selimundu. Siri ya majibu ikivunjwa, watu watatafuta karatasi za kununua, na sheria itabakia jina. Wanaume nao waache kuwasukuma wanawake mbele. Ugonjwa huu hautoki kwa mama peke yake hata siku moja, kwa hiyo mwanamume anayemuacha mkewe kwa kuzaa mtoto mgonjwa anamuadhibu kwa jambo ambalo nusu yake amelileta yeye.

Kwa mwaka 2021 pekee, watoto wanaokadiriwa kuwa 515,000 walizaliwa duniani na selimundu, na zaidi ya robo tatu yao walizaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2008 kwamba tarehe 19 Juni iwe siku ya ugonjwa huu duniani, na kila mwaka siku hiyo tunaona fulana na tunasikia hotuba. Safari hii tunawaomba wasomaji wetu, walioko nyumbani na walioko ughaibuni, waulize maswali mawili tu. Mlioko nyumbani, muulizeni mbunge au mwakilishi wenu: hospitali ya wilaya yetu ina haidroksiyurea leo? Mlioko Wattaya, London au Toronto, kabla ya kutuma mahari, ulizeni: wote wawili wameshapimwa?